Alijibu "Hata Kidogo"

Swali la kwanza la hojaji yetu ya waliofiwa nilimsomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza lori la maji lilikuwa likipita nje na kupiga honi.

"Katika mwezi mmoja uliopita, umekuwa na hamu ya marehemu, ukimtamani arudi?"

Mama aliyeketi mbele yangu alikuwa akikata sukuma wiki ndani ya beseni. Hakuinua macho.

"Hata kidogo," akasema.

Nikatia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Moja. Tukaenda hivyo hivyo mpaka mwisho, naye akijibu upesi kama mtu anayelipa deni dogo ili mdai aondoke. Nilipojumlisha, alama zake zilikuwa chache mno. Kwa hesabu ya karatasi nilikuwa nimezungumza na mtu aliyefiwa, akalia, akanyamaza, akaendelea na maisha.

Alinisindikiza hadi chini. Pale kwenye ngazi, kabla ya geti, akasimama na kutoa simu mfukoni mwa aproni.

"Kaka, ngoja nikuonyeshe kitu."

Akafungua M-Pesa, akachagua kutuma pesa, akaandika namba bila kuitazama popote, akaandika shilingi kumi. Jina la mume wake likatokea kwenye kioo, herufi kubwa tupu, simu ikitaka kujua kama ana hakika ndiye anayetaka kumtumia. Akalitazama. Akasitisha.

"Kila usiku," akasema. "Sitaki kutuma. Nataka tu lije."

Laini ya mumewe iko kwenye simu ya zamani kabatini. Huiwekea kredo ya shilingi ishirini mara kwa mara isije ikafungwa na namba kupewa mtu mwingine. Kwenye ile akaunti kuna pesa kidogo zilizobaki, na watu wa nyumbani wamemwambia apeleke cheti cha kifo na barua zinazotakiwa azitoe. Hajapeleka. Akizitoa, jina nalo litaondoka.

Mumewe alikuwa amekaa miezi 14 kaburini.

Kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya mkoba wangu, hamu yake ilikuwa moja kati ya tano.

Kwanza, ruhusa

Nilimrudia baadaye kumwomba niandike haya. Alikubali, kwa sharti kwamba mtu wa kanisani kwake asimtambue. Kwa hiyo sitasema mtaa wake, na hapa nitamwita Mama Samaki ingawa hauzi samaki. Habari ya simu ni kama ilivyokuwa. Hiyo aliniambia nisiibadilishe.

Kazi yenyewe

Kwa miezi kadhaa nimekuwa mmoja wa watu wanaobeba hojaji kwenye mitaa ya Eastlands, katika utafiti mdogo unaotaka kujua jambo moja: hojaji ya kihoro cha muda mrefu, yaani huzuni ya kufiwa isiyopungua, iliyotungwa kwa Kiingereza, inaweza kuaminika ikisemwa kwa Kiswahili chetu? Tuliyoanza nayo ni PG-13-R, iliyochapishwa mwaka 2021 na Holly Prigerson na wenzake huko Marekani. Ina dalili 10, kila moja hupewa alama 1 hadi 5, na anayefikisha 30 huhesabiwa kuwa mtu wa kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Kihoro hiki sasa kina jina rasmi. Kimo katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, na Machi mwaka huo huo kikaingia pia katika DSM-5-TR, kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2017 yalikadiria kwamba kati ya watu wazima kumi waliofiwa kwa kifo kisicho cha ghasia, mmoja hivi hubaki amenaswa humo: kilio hakipungui, kazi haifanyiki, miezi inapita na yeye yuko pale pale siku ya mazishi.

Naamini katika kazi hii, na nasema hivyo mapema kwa sababu mengi nitakayoandika yatasikika kama malalamiko. Katika mji ambao kila kundi la WhatsApp lina mchango wa mazishi, lazima pawe na njia ya kumpata yule mmoja kati ya kumi. Hawezi kupatikana kwa kutazamwa usoni. Sisi Wanairobi tumezoea kuvaa uso wa kwenda kazini.

Lakini tangu siku ya zile ngazi nilikuwa na swali ambalo halikuniacha kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nikiosha vyombo, nalo lipo. Nikipanda matatu, nalo lipo.

Ilikuwaje mwanamke yule akasema "hata kidogo"?

Neno

Mtu wa kwanza niliyemshuku ni neno lenyewe.

Tulipokuwa tukitafsiri tulikaa mezani watu watano, na "hamu" ilitula karibu asubuhi nzima. Mwenzetu mmoja kutoka Mombasa hakuona tatizo lolote. Kwao mtu humwandikia mama yake kwamba ana hamu naye na hakuna anayeshtuka. Sisi wa Nairobi tulisitasita. Hapa hamu ni ya chapati, ya kwenda ushago, ya mambo ya chumbani. Mjane akiulizwa na kijana mgeni kama ana hamu ya mume wake, anasikia nini? Na akikubali, jirani anayesikiliza kupitia ukuta wa mabati anasikia nini?

"Kumkosa" tukaliacha, kwani wengi walisikia kukosea au kukosa mtu nyumbani. "Kutamani" lilikuwa na ugonjwa ule ule wa hamu. Kijana wetu mdogo kabisa akasema kile watu wanachosema kweli: kumisi. "Namisi baba." Ni kweli, hilo ndilo neno la mtaani. Lakini mtu huyo huyo husema amekumisi wewe ambaye mmekutana juzi. Ni neno jepesi, na tulihofia kila mtu angelikubali bila kufikiri.

Tukarudi kwenye hamu, tukiongeza "ukimtamani arudi" ili maana isipotee. Tukatafsiri kwenda Kiswahili, mtu mwingine asiyeona asili akatafsiri kurudi Kiingereza, tukalinganisha. Vikalingana vizuri sana.

Hapo ndipo ninapojilaumu. Kulingana kwa tafsiri kunaonyesha kwamba watafsiri wawili wamesoma shule za aina moja. Hakusemi lolote kuhusu mama mwenye beseni la sukuma.

Na inaniuma zaidi kwa sababu Kiswahili hakina umaskini katika jambo hili. Kina kitenzi ambacho lugha nyingi zingekiomba kwa mkopo: kufiwa. Mwingine amekufa, lakini aliyetendwa ni mimi. Kina kihoro, huzuni ya kupotelewa, ambayo wazee husema huweza kumuua mtu. Kina kuanua tanga, siku ile msiba unapofungwa rasmi, mikeka ikakunjwa, watu wakarudi makwao. Swali ambalo hojaji nzima inajaribu kuuliza lingeweza kusemwa hivi: watu walianua tanga, je, wewe umeanua?

Huko Zimbabwe, daktari wa akili Vikram Patel na wenzake walifanya kinyume cha tulivyofanya. Hojaji yao ya Kishona ya mwaka 1997, yenye maswali 14, waliijenga kutokana na maneno ya wagonjwa na waganga wa kwao, likiwemo kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Baadaye hojaji hiyo ndiyo iliyobebwa na akina bibi wa "mabenchi ya urafiki" jijini Harare, wanaoketi na wenye dhiki na kuwasikiliza. Mimi nilisoma habari hiyo tukiwa tayari tumechapisha fomu zetu.

Hata hivyo sisi hatukuwa tukijenga, tulikuwa tukihakiki kitu kilichokwisha kujengwa, ili alama za Kayole ziweze kuwekwa kando ya alama za kwingine. Hilo nalo lina thamani yake. Nimebishana na nafsi yangu juu ya hili kwa muda, na sijamaliza.

Gorogoro

Mshukiwa wa pili alikuwa ni yale majibu.

Viwango vyetu vilikuwa vitano: hata kidogo, kidogo, kiasi, sana, mno. Kwenye karatasi vinaonekana safi. Sasa visome kwa sauti, katika chumba chenye redio na mtoto. "Hata kidogo" na "kidogo" vinatofautishwa na neno moja ambalo lori la maji linaweza kulimeza. Tena kuna jambo baya zaidi. Mtu akikwambia "Ninamkumbuka, hata kama ni kidogo," na mwingine akakwambia "Simkumbuki hata kidogo," wote wawili wanaweza kufupisha jibu lao likawa maneno yale yale.

Huenda Mama Samaki alikuwa akinijibu "walau kidogo" nami nikaandika "hapana kabisa".

Nilipompelekea jambo hili msimamizi wetu, alinionyesha namba ya uthabiti wa ndani, ile ya Cronbach, ambayo tangu mwaka 1951 watu wa fani hii huitazama kabla hawajaketi. Ilikuwa juu. Maswali yetu yalikubaliana vizuri: aliyejibu chini katika moja alijibu chini katika mengine.

Nikakumbuka gorogoro. Kila aliyenunua mahindi sokoni anaijua ile kopo ya kilo mbili, na anajua pia ile ambayo mwenye duka ameibonyeza kitako kwa ndani. Ukinunua leo, ukinunua kesho, ukimtuma mtoto, utapata kiasi kile kile. Haibadiliki kamwe. Ila kilo mbili haijai.

Kama mama mmoja ameamua kunijibu chini kwenye swali la kwanza, atanijibu chini kwenye yote kumi, na namba ya Cronbach itapanda kwa furaha.

Vitu ambavyo kinywa hakitaki kuvisema

Kuanzia hapo nikaanza kusikiliza kwa sikio jingine. Baada ya kila swali niliomba ruhusa ya kuuliza: umelielewaje? Kazi hii tulikuwa tumeifanya mwanzoni na watu wachache. Tulistahili kuifanya na wengi zaidi, na polepole zaidi.

Kuna swali la kuhisi kwamba sehemu yako imekufa pamoja na marehemu. Dada mmoja aliruka kitini. "Shindwe! Kinywa kinaumba." Hakukataa kwamba anajihisi hivyo. Alikataa kulitamka, kwa sababu kwake kutamka ni kuita. Swali la maisha kukosa maana nalo liliwagonga waumini mahali pabaya. Mtu aliyeokoka akisema maisha hayana maana, anakuwa ametoa ushuhuda dhidi ya wokovu wake. Wengi walijibu kwa niaba ya imani yao. Sikuweza kuwaita waongo. Ila nilijua kwamba ile moja waliyoitia haikuwa kipimo cha usiku wao.

Tuliandika moyo "kufa ganzi". Mzee mmoja wa Dandora akanieleza kwa urefu kuhusu miguu yake na sukari. Akapata nne.

Neno "marehemu" tulikuwa tumelitia karibu katika kila swali bila kuwaza. Kisha swali mojawapo likataka kujua kama mtu bado haamini kwamba kifo kimetokea. Tunamlazimisha amwite mumewe marehemu mara tisa, halafu tunamuuliza kama amekubali kwamba amekufa! Toleo jipya linasema "mtu wako".

Lakini lililonifundisha zaidi ni swali la kukwepa vitu vinavyomkumbusha mtu kifo. Mwanamke mmoja alipata tano. Hakuwa ameenda kaburini tangu mazishi. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia mambo mawili: nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha wiki kadhaa, na shamba ambamo mumewe amelala limeshikwa na shemeji zake ambao hawataki kumwona. Angetamani kwenda kesho. Karatasi yetu ilikuwa imemwandika mtu anayekimbia.

Na mpaka wa desturi uko wapi? ICD-11 inataka kihoro kiwe kimevuka kwa wazi kile kinachotarajiwa katika jamii, utamaduni au dini ya mtu. Ni sharti la heshima na nalipenda. Kisha naingia kwenye ploti moja ya Umoja, ghorofa moja, milango sita. Mlango wa kwanza kuna mama wa Kiislamu aliyemaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, na kwa muda huo wote hakuna aliyemwuliza kwa nini hatoki. Wa tatu kuna familia iliyonyolewa nywele nyumbani magharibi ya Kenya. Wa mwisho kuna kijana aliyemzika mama yake Lang'ata siku ya Alhamisi na Jumatatu akawa kwenye kaunta akitabasamu na wateja, kwa sababu siku za ruhusa zilikuwa zimekwisha. Wote wanatumia bomba moja la maji. Nani kati yao ndiye desturi?

Dereva

Kufikia hapo nilikuwa karibu kuikatia tamaa hojaji. Aliyenirudisha ni dereva wa matatu.

Tulikutana kwenye kibanda cha chai karibu na stejini, kati ya tripu na tripu. Alikuwa mcheshi. Alimtania mama wa kibanda, akanilipia mandazi nikikataa, akaniambia kuhusu binti yake aliyefariki kwa sauti ile ile aliyosimulia foleni ya Jogoo Road. "Niko poa, kaka. Ni maisha."

Kwa sababu ya kelele nilimpa karatasi na kalamu ajaze mwenyewe. Akauliza jambo moja tu: "Jina langu haliko hapa, sindiyo?" Nikamwonyesha kwamba kuna namba peke yake. Akageuza kiti, akanipa mgongo.

Akanirudishia imekunjwa mara nne. Akaenda kuendesha gari.

Niliifungua baada ya kuondoka kwake. Mno. Mno. Mno. Sana. Mno. Alikuwa amezungusha kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi kwenye swali la upweke.

Mimi nina miaka ya kuketi na waliofiwa. Nilikuwa nimemtazama mtu huyo nusu saa, nikamsikiliza, nikala mandazi yake, na nisingemwandika popote. Karatasi ambayo nilikuwa nimeanza kuidharau ilimwona. Ilimpa mahali pa kusema bila mdomo wake kuhusika, na bila mimi kuhusika pia. Jioni ile mshauri wetu wa nasaha alimpigia simu, kama utaratibu unavyotaka kwa alama za namna hiyo. Alipokea.

Usiku huo swali langu likabadilika. Wiki zote nilikuwa nikiuliza kama maneno ya hojaji ni ya kweli. Sikuwa nimeuliza kuhusu chumba.

Wiki mbili baadaye

Katika kuhakiki hojaji, baadhi ya watu hujazishwa mara mbili, mara nyingi wiki mbili hivi zikiwa zimepita. Wazo ni kwamba kihoro cha miezi mingi hakitabadilika sana ndani ya siku 14, basi alama zikiruka ovyo, kosa ni la kipimo. Mama Samaki alikuwa kwenye orodha ya kurudiwa.

Fomu ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Lazima iwe hivyo, ndiyo maana ya kurudia. Ilikuwa bado na "hamu". Ilikuwa bado na "hata kidogo".

Safari hii alikuwa peke yake. Nikampa kalamu, nikaenda kusimama kwenye korido kama nilivyofanya kwa dereva.

Aliandika tano kwenye swali la kwanza. Jumla ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya awali.

Nikamuuliza, kwa uangalifu, kama kuna kilichobadilika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Ile siku si wifi alikuwa hapo?"

Alikuwepo. Nilimkumbuka: mwanamke aliyelala kwenye kochi akiwa amejifunika leso, nyuma ya pazia linalogawa chumba. Nilidhani amelala. Yeye ndiye aliyekuwa akisukuma zile pesa za kwenye simu zitolewe, kwamba mwaka umeisha, kwamba mjane anayeng'ang'ania kaburi atawaletea watoto mkosi. Mbele ya dada wa mumewe, Mama Samaki alikuwa na jibu moja tu: amepona. Ndiyo maana alisubiri ngazi.

Sitaki kulifanya jambo hili liwe safi kuliko lilivyokuwa. Fomu haikubadilika, chumba kilibadilika, lakini vilibadilika vingine pia. Nilikuwa nimeshaona simu yake, na alijua kwamba najua. Aliandika mwenyewe badala ya kusomewa. Hiyo wiki pia ilikuwa na siku ya kuzaliwa ya mtoto wao wa pili. Mtu mmoja na vipindi viwili havithibitishi chochote. Ila katika wale washukiwa wangu, maneno yalikuwa na ushahidi kwamba siku ile hayakuwa peke yake kosani.

Ilipofika kwenye hesabu, mtakwimu wetu akaliona lile jozi mara moja. Alama mbili za mtu mmoja zilizoachana vile huishusha namba ya uthabiti wa kurudia. Akauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kama kipindi cha kwanza hakikuharibika kiasi cha kuondolewa. Nilitamani kusema ndiyo. Kingeondoka na aibu yangu ya kutolichungulia pazia.

Tulibishana. Mwishowe nikasema kwamba tukiondoa kila jibu ambalo wifi alikuwa akilisikiliza, itabidi tuondoe Nairobi nzima, kwa sababu nani ana chumba cha peke yake? Atakayeitumia hojaji hii kesho kwenye zahanati au kanisani atakutana na mapazia yale yale. Mtakwimu akanyamaza, kisha akasema kibaki, na maelezo ya mazingira yaandikwe kando yake. Namba yetu ikashuka. Ni ya kweli zaidi sasa.

Miezi minane

Kuna usiku mmoja niliketi na kuijaza mwenyewe.

Mdogo wangu alikuwa na miezi minane tangu tumzike. Kwa ICD-11, ambayo inaanzia miezi sita, ningeweza tayari kuulizwa. Kwa DSM-5-TR, ambayo kwa mtu mzima inasubiri miezi 12, bado nilikuwa mfiwa wa kawaida. Nilikuwa nimewaeleza watu tofauti hiyo mara nyingi kwenye mafunzo, nikichora mstari ubaoni. Usiku ule nilikuwa nimekaa juu ya mstari.

Sikuweza kuijaza kwa haki. Najua 30 iko wapi. Kila alama niliyotia niliitia huku nikiitazama, kama mtu anayetembea karibu na ukingo na kusema anatembea tu. Nikaacha kujumlisha katikati.

Lakini kuna swali moja sikuhitaji jumla yake. Lile la kukwepa. Nilikuwa nimelikosoa mbele ya watu, nimeeleza habari ya nauli na ya shamba, nimependekeza liandikwe upya. Mimi sijarudi nyumbani tangu mazishi. Nauli ninayo. Hakuna shemeji aliyenifungia njia. Mama hupiga simu Jumapili na kuuliza nitakuja lini kuona walivyolijengea kaburi, nami humwambia kazi imebana.

Nilitia tano.

Kesho yake nilimpigia mshauri wetu, yule ambaye namba yake huwa nawaandikia wengine chini ya karatasi. Tumekutana mara nne.

Kisanduku

Toleo linalotumika sasa limebadilika sehemu kadhaa. Swali la kwanza linasema: "Moyo wako umekuwa ukimtaka mtu wako arudi, hadi inauma?" Kiwango cha kwanza ni "hapana kabisa". Ganzi imehamia moyoni kwa maelezo marefu kidogo, na swali la kukwepa linatenganisha asiyetaka kwenda na asiyeweza. Kila badiliko lina maana kwamba sehemu ya kazi inaanza upya, na kuna wenzangu ambao hawajanisamehe kwa hilo. Wana sababu zao, muda na pesa vimekwisha kutumika. Wazo la kuweka swali la tanga halikupita.

Nililopigania kuliko yote halina alama. Liko juu kabisa, kabla ya yale kumi: "Kuna mtu mwingine anayeweza kukusikia au kuona unachoandika?" Ndiyo, hapana. Msimamizi aliona ni la mhojaji, lijazwe na sisi pembeni. Nilisisitiza lisomwe na mwenye karatasi.

Wiki iliyopita nilikuwa Umoja kwa baba mmoja mwenye mvi, fundi cherehani, amefiwa na mke. Mlango ulikuwa wazi, watoto wa ploti wakiingia na kutoka, jirani akianika nguo kizingitini. Nikampa karatasi na kalamu, nikasogea.

Alisoma mstari ule wa juu. Akausoma tena, kidole kikifuata maneno. Akaweka kalamu chini, akasimama, akaenda kufunga mlango.